Maharagwe ya Mama Mkwe na Mafuta ya Mbarika

Jumamosi, 3 Februari 2007

Wiki mbili leo! Wiki mbili kamili mimi ni mke wa Dalmas. Nimeandika jina langu jipya mara sita kwenye karatasi ya sukari, halafu nikaichana kwa aibu. Yeye amelala kidogo baada ya chakula cha mchana. Bado ana wino nyuma ya sikio. Siku nzima anakata karatasi kwenye kiwanda cha uchapaji pale River Road, akirudi Waithaka ananuka karatasi mpya. Naipenda harufu hiyo kuliko manukato yoyote.

Lakini leo nimekasirika! Si na yeye. Na wadudu.

Siku ya harusi, mbele ya watu wote, Mama mkwe alinikabidhi gunia lenye debe moja la mbegu za maharagwe, rosekoko, yale mekundu yenye madoa. Kwao Butere ndivyo ilivyo. Bibi arusi anapewa mbegu za nyumbani azitunze hadi mvua ya Machi, azirudishe kwa mkono wake, kisha Mama anamwonyesha mstari wa kwanza wa shamba aupande yeye. Ukishapanda mstari huo, basi, wewe ni wa boma hilo. Mama alinishika mkono akasema, "Nimekupa Dalmas, nimekupa na mbegu. Usipoteze hata moja." Watu wakacheka. Mimi nililia kwa furaha hadi wanja ukanimwagikia mashavuni.

Leo nimefungua gunia. Unga chini! Matundu madogo ya duara, kama mtu ametoboa kwa sindano! Vijidudu vya kahawia vinatembea juu ya mbegu zangu bila haraka, kama wapangaji waliolipa kodi ya mwaka mzima.

Dalmas aliamka, akachungulia, akasema, "Si tuweke ile dawa ya unga, mpenzi? Mara moja tu, kwisha."

Dawa ya unga! Gunia liko chumbani, hatua mbili kutoka kitandani kwetu. Nilale na mume wangu na sumu chumba kimoja? Nimekataa katakata.

Jumatatu, 5 Februari

Nilikuwa nimenuna dukani. Mama Jashoda huona kila kitu. Mhindi yule mzee ana miaka sabini, alizaliwa Kisumu, Kiswahili chake kinanishinda mimi mwenyewe, na ndiye kichwa cha duka hata kama kibao cha nje kina jina la mwanawe, Nayan. Tunauza nafaka na viungo. Nimefanya kazi pale miaka mitatu, na kwa miaka mitatu nimeona lile jambo bila kuliuliza — kila mzigo mpya wa dengu ukifika, madebe kadhaa hupelekwa kwake Westlands kwa ajili ya chakula cha nyumba nzima, na mwaka mzima sijasikia akilalamikia wadudu.

Nikamwuliza. Akacheka hadi miwani ikashuka puani.

"Lornah, beti, binti yangu, hiyo si siri. Ni mafuta ya mbarika. Kijiko kimoja cha chai, kilo moja. Mama yangu alifanya, mama yake alifanya."

Nikashtuka. Mbarika? Ile kastoroili? Ile tuliyonyweshwa utotoni hadi tukakimbilia chooni?

"Hiyo hiyo," akasema. "Wewe hunywi, unapaka. Mdudu anataga yai juu ya punje. Yai likifunikwa na mafuta halipumui. Mwisho wa habari."

Ameniambia kesho niende naye Westlands nikaone kwa macho. Sikulala mchana kwenye mapumziko kwa kufikiria.

Jumanne, 6 Februari

Nimeona! Sahani kubwa za bati sakafuni, dengu kama mchanga wa dhahabu, Mama Jashoda na mke wa Nayan, Prachi, wamekaa chini wanasugua kwa viganja viwili, polepole, hadi kila punje inang'aa. Prachi alimimina mafuta akapitisha kidogo. Mama Jashoda akamwambia bila kuinua kichwa, "Tunahifadhi, Prachi, hatukaangi." Prachi akanikonyeza. Nikajisemea, kumbe kila mahali kuna mama mkwe.

Jioni mimi na Dalmas tumefanya yetu. Tulichekecha kwanza, tukatoa yaliyotobolewa, tukabaki na kilo kumi na sita. Vijiko kumi na sita, nimehesabu mwenyewe kwa sauti. Konzi moja nzuri ilibaki mezani kwenye kopo, tukaisahau, basi ikabaki bila mafuta. Dalmas alikunja mikono ya shati. Mikono yetu ilikutana ndani ya maharagwe! Viganja vyake vinang'aa, vyangu vinang'aa, akanipaka puani, nikampaka sikioni, juu ya wino wake. Nilicheka hadi jirani, Kalekye, akagonga ukuta akiuliza kama ni harusi ya pili.

Sijui kama kuna mwanamke Nairobi hii mwenye raha kama mimi.

Jumatano, 14 Februari

Dalmas ameniletea ua moja jekundu na kadi aliyoikata mwenyewe kutoka mabaki ya kiwandani, kingo zimenyooka kama kisu! Mbegu nimezikagua. Wadudu saba juu ya gunia, wote wamekufa, miguu juu. Hakuna tundu jipya. Hakuna unga. Nimeruka!

Yale ya kwenye kopo, yasiyo na mafuta, yana unga chini tayari.

Jumapili, 18 Februari

Nimeudhika mno, kalamu inatoboa karatasi.

Emmah, dada yake Dalmas, alikuja kutoka Kawangware baada ya kanisa. Nilimkaribisha vizuri. Chapati, kuku, soda. Akaingia chumbani kuchukua leso yake, akatoka na chupa ya mafuta mkononi kama polisi aliyepata ushahidi.

"Wifi, hii si ile mafuta ya kuendesha tumbo?"

Nikamweleza. Taratibu, kwa adabu. Mafuta, mayai ya wadudu, Mama Jashoda, yote. Akafungua gunia, akachota, akanusa.

"Yaani umepaka mbegu za Mama dawa ya kuharisha? Kwani unataka boma nzima ishinde foleni ya choo?"

"Ni mbegu, Emmah. Mbegu hailiwi."

"Na zikibaki?"

"Zikibaki zinaoshwa. Wahindi wanakula dengu hizo kila siku, umewahi kuona wakikimbia?"

Dalmas alicheka. Alicheka! Kisha Emmah akamwangalia, naye Dalmas akaanza kushughulikia mfupa wa kuku.

Emmah ameondoka na chapati nne kwenye karatasi. Najua kabla hajafika kituo alikuwa ameshampigia Mama.

Jumanne, 20 Februari

Nilijua.

Mama alipiga leo jioni, kwa simu ya Dalmas. Dalmas akaweka spika ili nisikie. Hakuwa na salamu ndefu.

"Nasikia umepaka mbegu zangu mafuta, kama mtoto anayekwenda kanisani."

Nikasema ndiyo Mama, kwa sababu zilikuwa zimeingiliwa na wadudu. Nikaanza kueleza. Akanikata. Akasema mbegu hunywa maji ndipo iote, sasa iliyopakwa mafuta itakunywa nini? Akasema nyanya yake Dalmas alihifadhi kwa jivu, yeye amehifadhi kwa jivu, na jivu halijawahi kumwaibisha mtu. Akasema kuna wanawake wanaoingia boma na kazi yao ya kwanza ni kuzima mbegu. Hakutaja jina. Hakuhitaji.

Jivu! Na wale wadudu walitoka wapi kama si kwenye hilo jivu? Niliokota mwenyewe punje moja moja! Nilikataa sumu kwa sababu ya mwanawe!

Halafu akauliza, kwa sauti ya chini, "Kwa nini hukuniuliza?"

Kweli sikumwuliza. Niliuliza kila mtu ila yeye.

Lakini hilo silo lililoniuma. Kilichoniuma ni Dalmas. Alishika simu ile dakika nzima baada ya mimi kumaliza na alichosema ni "Ndiyo Mama." Nimehesabu. Mara nne.

Jumapili, 25 Februari

Siku tano nimekuwa nikiongea na mume wangu kama karani wa kaunta. Chai iko mezani. Maji yameisha. Asante. Leo tukitoka kanisani nikashindwa, nikamwuliza njiani kwa nini hakunitetea.

"Sasa unataka nigombane na Mama?"

"Sitaki ugombane. Nataka useme ulikuwepo! Ulikunja mikono ya shati, Dalmas. Viganja vile vilivyong'aa vilikuwa vya nani? Vya Mama Jashoda?"

Akasema, "Lornah, watu wanasikia."

Wasikie! Mama anaamini nilifanya peke yangu, kwa ujanja, mwanawe akiwa kazini. Na mwanawe anamwacha aamini! Nilitembea mbele yake hadi nyumbani. Alinifuata nyuma akibeba Biblia zote mbili. Nilipogeuka kidogo nikamwona anavyozibeba, kwa uangalifu, moja juu ya nyingine, nikatamani kumkimbilia. Sikumkimbilia.

Emmah ametuma ujumbe kwa simu: Mama anakuja Jumamosi. Tayari ameomba mbegu kwa jirani, atapanda hizo. Anakuja tu kuzungumza.

Kwa hiyo sina mstari. Mbegu za jirani zimepewa mstari wangu. Nitakwenda Butere kama mgeni, nitapewa kiti na soda, na wengine watapanda.

Jumatatu, 26 Februari

Basi sitalia tena. Nitapima.

Nimekumbuka somo la kilimo, kidato cha pili, Bi. Nzula. Alikuwa akisema mkulima asiyepima mbegu anapanda matumaini yake matupu. Unachukua mbegu ishirini, unazifunga kwenye gazeti lililolowa, unaziweka mahali pa joto, siku tano unahesabu zilizoota.

Nimefunga mafurushi mawili. La kwanza, punje ishirini zenye mafuta. La pili, punje ishirini kutoka kwenye kopo, zisizo na mafuta. Kazi ilikuwa kupata ishirini ambazo hazijatobolewa, lakini nimepata. Sitaki mtu aseme nimedanganya. Nimeandika kwa kalamu juu ya kila furushi. Nimeweka kwenye karai, nikafunika kwa kitambaa, karibu na jiko.

Nilimwambia Mama Jashoda dukani. Akasema yeye hajawahi kupanda dengu, anazila tu, hivyo hajui kama zinaota. Hajui! Nilimtazama nikahisi sakafu inateleza. Miaka mia ya mafuta katika ukoo wao na hakuna aliyewahi kupanda hata punje moja.

Alhamisi, 1 Machi

Hakuna.

Punje zimevimba, ngozi imelainika, lakini hakuna mzizi. Furushi la kwanza hakuna, la pili hakuna. Siku tatu. Bi. Nzula alisema maharagwe siku nne hadi sita. Nimejiambia hivyo mara mia.

Dalmas alikuja akachuchumaa karibu yangu, akachungulia karai kwa muda mrefu. Akaniwekea mkono shingoni, mkono ule mkavu wa karatasi. Akasema, "Usijali mpenzi. Jumamosi hakuna kitakachoharibika. Niachie mimi."

Niachie mimi! Maneno mawili tu, moyo wangu wote ukayeyuka. Nimemsamehe mara nne, moja kwa kila "Ndiyo Mama." Tumekunywa chai kikombe kimoja. Mume wangu atasema ukweli mbele ya mama yake. Najua.

Ijumaa, 2 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nimefika nyumbani mapema, Mama Jashoda alinipa ruhusa. Nikaenda moja kwa moja kwenye karai, hata viatu sijavua. Nikafungua furushi la kwanza. Mizizi! Myeupe, midogo, kama meno ya mtoto! Tisa zenye mafuta zimeota! Zisizo na mafuta, kumi! Sawasawa! Mafuta hayajaua kitu! Nilipiga kelele. Nikakimbia nje kumtafuta Dalmas, kwa sababu nilisikia bomba la uani linamwaga maji na nilijua ni yeye.

Alikuwa ameinama juu ya bomba, mgongo kwangu. Maji yaliyokuwa yakitiririka kwenye mtaro yalikuwa ya waridi. Kalekye alikuwa amesimama mlangoni kwake akiwa amekumbatia kuku wawili.

"Mwambie bwanako," akaniambia, "hiyo maji ikigusa kuku yangu, tutajuana."

Nikaangalia ndani ya sufuria. Maharagwe. Rosekoko. Pembeni mfuko wa duka la pembejeo, umepasuliwa, umeandikwa kwa herufi kubwa kwamba mbegu zimetiwa dawa, zisiliwe.

Alikuwa amenunua mbegu nyingine! Na kwa kuwa za duka hupakwa rangi ya waridi ili mtu asizile, na za Mama si za waridi, alikuwa anaziosha! Anaosha rangi itoke! Ili kesho aziweke kwenye gunia la Mama aseme ndizo!

"Nilikwambia uniachie," akasema. Mikono yake ilikuwa ya waridi hadi viwikoni. "Nimeona hazioti. Sikutaka ukae pale Mama akikuangalia hivyo. Hatajua."

Mama hatajua! Mwanamke aliyeokota mbegu hizo miaka thelathini, hatajua!

Na sufuria! Ile ni sufuria yangu ya harusi, kubwa kuliko zote, ya ugali! Nilikataa sumu isilale chumbani kwetu, naye ameisugua ndani ya sufuria tunayopikia!

Sikuweza kusema kuhusu mizizi. Nilikuwa nimelishika furushi mkononi, maji yanadondoka viatuni, na sikumwonyesha. Niliona kitu kimoja tu. Alhamisi aliponiwekea mkono shingoni, alikuwa ameshaamua kwamba Mama yuko sawa. Kwamba nimeziua. Alinipenda, nakubali, alinipenda hadi akaosha punje moja moja. Lakini hakuniamini hata siku moja zaidi.

Amezianika nje kwenye gunia. Zimebaki na rangi ya ufizi. Mimi nimeingia ndani. Hatujasemezana.

Jumamosi, 3 Machi

Naandika chumbani, haraka. Nimesema nakuja kuchukua vikombe.

Wamefika saa sita, Mama na Emmah. Mama amevaa lile vazi alilovaa siku ya harusi yetu. Nilimkaribisha, nikamnawisha mikono. Kabla hajaulizwa habari za safari nikaleta karai, nikaliweka miguuni pake. Nikasema yote. Kwamba nilipaka mafuta bila kumwuliza na naomba msamaha kwa kutomwuliza. Kwa hilo tu. Kwamba hili furushi lina mafuta, hili halina, tuhesabu pamoja.

Emmah akasema, "Mama, usishike, mikono itanuka."

"Nyamaza," Mama akamwambia. "Nipe miwani."

Alihesabu mwenyewe. Kwa kidole, polepole, akisogeza kila moja upande. Zenye mafuta, kumi na nane. Akazirudia. Kumi na nane. Zisizo na mafuta, kumi na saba. Akachukua lile kopo lililobaki, akamwaga kiganjani, unga na wadudu wakamtambaa mkononi. Akaangalia gunia langu. Akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, akautoa, akaunusa.

"Hm," akasema.

Hilo tu. Lakini aliniangalia, na haikuwa kama sauti ya kwenye simu.

Kisha akauliza, "Kijiko kipi? Cha chai au cha kulia?"

Cha chai, Mama! Kilo moja! Nilitaka kuruka. Nilimwangalia Dalmas nikidhani sasa ndio wakati wake, sasa atasema, Mama, nami nilipaka, nilikuwepo. Alikuwa anaangalia mlango.

Mama naye akaangalia alikoangalia mwanawe. Mlango uko wazi, jua limewaka uani, gunia limetandikwa, na yale maharagwe ya rangi ya ufizi yamelala pale kama walevi.

"Na hayo nje?" akauliza. "Hayo ni ya nani?"

Mikono ya Dalmas ilikuwa mfukoni, kwa sababu kucha bado ni za waridi. Akaniangalia, macho yake yakiniomba. Macho yale yale niliyoyaona kanisani siku ile, akinivisha pete, akiogopa itaanguka.

Nikasema, ngoja nilete vikombe.

Naweza kumwambia. Ningesema sasa hivi, sentensi moja, na Mama angejua ni nani aliyemwambia ukweli na ni nani aliyetaka kumdanganya. Ana haki ya kujua. Mimi nina haki! Siku kumi na moja nimebeba lawama ya watu wawili peke yangu! Na nikisema ni ya Kalekye? Basi nami nimemdanganya, siku hii hii aliyozamisha mkono kwenye gunia langu.

Nimesikia Emmah akitoka kwenda kuyaangalia. Dalmas anakohoa. Mama ameuliza mara ya pili, hakuna jibu. Ameuliza ya tatu, na safari hii hakumwita yeye.

"Mwanangu Lornah," anaita. "Acha vikombe. Njoo wewe uniambie."